Ushauri: CEA ya mzee imetoka 2.3 hadi 6.3 baada ya upasuaji wa utumbo mpana, tuanzie wapi?

Kijana wa Naliendele
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili. Mzee wetu ana miaka 61, alikatwa saratani ya utumbo mpana upande wa kushoto, hatua ya tatu, kisha akamaliza kemo. CEA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani, kabla ya upasuaji ilikuwa 24. Wiki ya sita baada ya upasuaji ikashuka hadi 2.1, iliyofuata 2.3, zote maabara moja ya Dar. Sasa ni mwaka na miezi miwili, tumepima maabara nyingine hapa Mtwara mjini, imetoka 6.3. Anakula vizuri, uzito haujapungua. Sigara amepunguza lakini hajaacha. Je, ndiyo imerudi? Tukimbilie CT-Scan Dar au turudie damu kwanza? Na ultrasound ya hapa ikiwa safi, inatosha?

Seramu
Poleni, mkuu. Kabla ya yote, mmebadilisha maabara. CEA ni protini inayonaswa na kingamwili zilizomo kwenye vitendanishi, yaani dawa za kupimia za maabara, na kila mtengenezaji ana za kwake. Sampuli ileile ikipita mashine mbili tofauti inaweza kutoa namba mbili, kwa hiyo 2.3 ya Dar na 6.3 ya Mtwara huwezi kuzipanga kwenye mstari mmoja ukasema imepanda kiasi fulani. Inawezekana imepanda kweli, ila karatasi hizo peke yake hazithibitishi.

Rudieni baada ya wiki nne hivi, na irudiwe kwenye maabara ile ya Dar. Si lazima mzee asafiri kwa ajili ya damu tu. Ichotwe hapa, mililita 5, kwenye chupa ya kifuniko cha njano yenye jeli. Iachwe igande nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu ihamishiwe kwenye kichupa safi na isafiri kwenye kisanduku chenye barafu. Kwenye nyuzi 2 hadi 8 seramu inadumu siku kadhaa bila shida. Kinachoharibu ni kutuma damu nzima, haijazungushwa, kwenye buti la basi na joto letu hili. Chembe nyekundu zinapasuka, seramu inafika imegeuka nyekundu na maabara inaikataa. Pigeni simu kote kuwili kwanza mjue kama wanapokeana sampuli.

Hakuna haja ya kufunga kula. Ila kama anameza biotini, vile vidonge vya nywele na kucha, aache siku tatu kabla, maana kwenye baadhi ya mashine hushusha CEA kwa uongo. Na msishtuke mkiona karatasi moja imeandika nanogramu kwa mililita na nyingine mikrogramu kwa lita: namba ni ileile.

Tabibu wa Nyangao
Seramu kasema vizuri, naongezea upande wa kliniki. Kwa asiyevuta sigara maabara nyingi huweka kikomo karibu na 3, kwa mvutaji 5. Mbali na sigara, CEA hupandishwa na ugonjwa wa ini, njia ya nyongo kuziba, kongosho kuvimba, figo kushindwa na tezi ya shingo kufanya kazi kidogo. Hata kemo yenyewe huipandisha kwa muda, ingawa kwa mzee huyo hilo limeshapita. Kwa hiyo siku ya kurudia ongezeni vipimo vya ini, ALT, ALP na bilirubini, pamoja na kreatinini, kipimo cha figo. Kreatinini mtaihitaji pia kabla ya dawa ya mshipa ya CT-Scan.

Ikirudi chini ya 5 kwenye maabara yake ya zamani, endeleeni na ratiba. Ikibaki juu, au imeongezeka, CT-Scan ya kifua, tumbo na nyonga ifanyike bila kungoja ya tatu. Kutoka 2.1 kwenda 2.3 si habari. Kutoka 6 kwenda 9 kwenda 14 kwenye mashine ileile ni habari kubwa hata kama anakula ugali wake wote.

Ultrasound haitoshi. Vivimbe vidogo vya ini inaweza kuvikosa, na mapafu haiyaoni. Majibu mabaya ya ultrasound ni ya kufanyia kazi. Majibu mazuri hayamwondoi mzee kwenye CT-Scan. Tunahangaika hivi kwa sababu vivimbe vichache kwenye ini au pafu vikikutwa mapema vinaweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa.

Nami nauliza: kolonoskopi ya mwaka mmoja, yaani kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera, imefanyika?

Kijana wa Naliendele
Asante sana daktari. Hapana, haijafanyika. Tulidhani damu ikiwa nzuri inatosha.

Tabibu wa Nyangao
Basi hilo linanitia wasiwasi kuliko 6.3, ndugu yangu. Uhakiki wa 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulionyesha kwamba kwa kikomo cha 5, CEA hukamata takriban 7 kati ya kila saratani 10 zilizorudi. Tatu zinapita kimya. Na vinyama vipya ndani ya utumbo, vile vinavyogeuka saratani miaka ya mbele, damu haivioni. Kolonoskopi ni mwaka mmoja baada ya upasuaji, ikiwa safi nyingine miaka mitatu baada ya hiyo, kisha kila miaka mitano. Kama kabla ya upasuaji utumbo ulikuwa umeziba na kamera haikupita, ilipaswa kufanyika ndani ya miezi 3 hadi 6. CEA yenyewe ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, halafu kila miezi 6 hadi mwaka wa tano, na CT-Scan angalau mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo. Pangeni kolonoskopi sasa, majibu ya damu yawe vyovyote.

Mama Tandahimba
Kwenye safari: msimnyweshe mzee dawa ya kusafisha tumbo halafu mkampandisha basi. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Fikeni siku mbili kabla, anywe dawa akiwa karibu na choo. Siku ya kuamkia kipimo ni maji, chai ya rangi, dafu na supu iliyochujwa. Juisi nyekundu hapana, inafanana na damu kwenye kamera. Vidonge vya kuongeza damu aache wiki moja kabla. Bebeni ripoti ya patholojia (uchunguzi wa nyama iliyokatwa), ya upasuaji, na karatasi zote za CEA zenye jina la maabara na tarehe. Kama ana bima, barua ya rufaa iombwe mapema. Na msingoje fedha za minada ya korosho Oktoba, wala msipange masika, maana barabara ya Somanga ikikatika kama Mei 2024 miadi yote inapotea.

Chikongola
Kwa nini wasipime kila mwezi, wawe na uhakika? Na kile kipimo kipya cha vinasaba vya saratani kwenye damu?

Seramu
Kila mwezi utakutana na kupanda na kushuka kwa kawaida, mzee akose usingizi na hela iishe kabla ya CT-Scan. Kile cha vinasaba kipo, nchi zilizoendelea wanakitumia zaidi kuamua nani apewe kemo baada ya upasuaji. Ni ghali, na hakiondoi CT-Scan wala kolonoskopi. Hela hiyo kwa mzee huyu iende kwenye kolonoskopi.