Ruzuku ya halmashauri ya kuhami nyumba: nani analipa, nani anafanya kazi, na mpangaji aulize nini

Ndugu wanajumuiya, salamu.

Amenibishia hodi kijana mwenye kitambulisho shingoni, akasema ametumwa na halmashauri ya jiji kuja kuhami kuta za nyumba yangu (kuziwekea kinga ili joto lisitoke) bila malipo, mradi nisaini siku hiyo hiyo. Nimepanga hapa Bristol, chumba cha nyuma kina unyevu na ukungu, na bili ya gesi inanielemea. Je, fedha hizo zipo kweli, na mpangaji anahusika?

—

Dada yetu, pole kwa baridi. Fedha zipo na mpangaji anahusika, lakini usisaini chochote mlangoni.

Sheria ya tabianchi ya mwaka 2008, iliyorekebishwa mwaka 2019, inaitaka Uingereza ifikapo mwaka 2050 iwe haitoi gesi joto zaidi ya kiasi kinachoondolewa hewani. Halmashauri nyingi zimejiwekea tarehe za mapema zaidi. Bristol ilitangaza dharura ya tabianchi Novemba 2018, ikataka kufika huko mwaka 2030. Shida ni kwamba halmashauri hazina fedha zao za kutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo husubiri mafungu ya serikali kuu, ambayo hutolewa kwa muda maalumu, au huingia ubia na kampuni. Bristol imefanya yote mawili. Tangu Januari 2023 ina ubia wa miaka 20 uitwao City Leap, pamoja na kampuni za Ameresco na Vattenfall, unaohusu mitambo ya sola, mabomba ya kusambaza joto mjini na ukarabati wa majengo ya umma. Mambo hayo ni mema, ila hayatakausha ukuta wa chumba chako leo wala kesho.

Linalokuhusu wewe ni fungu la Warm Homes: Local Grant, la pauni milioni 500 kwa England, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028. Serikali kuu hutoa fedha, halmashauri au muungano wa halmashauri huchagua kaya, na makandarasi ndio wanaofunga vifaa. Nyumba iwe na cheti cha nishati (EPC, kinachopima matumizi ya nishati kuanzia A, bora kabisa, hadi G) cha daraja D hadi G, na kwa kawaida kipato cha kaya kwa mwaka kisizidi pauni 36,000 kabla ya kodi, au mtu awe anapokea posho fulani, au anaishi katika mtaa uliotambuliwa kuwa na kipato duni. Mwenye nyumba za kupangisha hugharimiwa nyumba moja kikamilifu, na kwa zile zinazofuata huchangia nusu. Mueleze hivyo mwenye nyumba wako, kwa sababu bila ridhaa yake ombi halisogei. Ukikuta cheti kimeandikwa F au G, mkumbushe pia kwamba sheria hairuhusu kupangisha nyumba ya daraja hilo, isipokuwa kama amesajili msamaha.

Sasa kuhusu huyo kijana. Mkandarasi wa kweli hana sababu ya kukuharakisha. Piga simu halmashauri kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si ile ya kipeperushi, uulize kama kampuni hiyo ni mbia wao, kisha utazame kama imesajiliwa TrustMark, mpango wa ubora wa makandarasi unaotambuliwa na serikali. Kabla ya kazi lazima nyumba ifanyiwe tathmini. Aliyekuja kwangu alipima kila chumba, akapanda darini, akapiga picha feni ya bafuni, akauliza tunaanika nguo wapi wakati wa baridi. Nilimwona mdadisi, lakini maswali hayo ndiyo kiini cha kazi: nyumba ikizibwa pasipo njia ya hewa, mvuke wa jikoni na wa nguo hubaki ndani, na ukungu huongezeka. Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba, katika mipango miwili ya awali iliyoendeshwa kupitia kampuni za nishati, asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa kinga ya joto kwenye kuta kwa nje zilikuwa na kasoro kubwa. Kwa hiyo, dada, usikubali ukuta ufunikwe kabla chanzo cha unyevu hakijajulikana. Huenda ni mfereji wa paa uliopasuka tu.

Walioko Scotland na Wales wana mipango yao, Home Energy Scotland na Nest.

—

Ahsante sana, kaka. Binamu yangu naye amepanga, lakini viza yake haimruhusu kutumia fedha za umma. Aombe?

—

Hapo aende taratibu. Orodha ya fedha za umma katika kanuni za uhamiaji hutaja posho mahususi, zikiwamo Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo) na punguzo la kodi ya halmashauri. Asije akaomba mojawapo ili tu apate sifa ya ruzuku, maana anaweza kuhatarisha viza yake. Njia ya kipato haihitaji posho, lakini kabla ya kujaza fomu amwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, akiwa na barua ya viza na maelezo ya ruzuku yenyewe, na jibu alipate kwa maandishi. Wakati huo huo mwenye nyumba wake anaweza kuulizwa kuhusu feni na mfereji wa paa, kwani matengenezo ya kawaida ni wajibu wake na hayahusiani na ruzuku yoyote.