Kuvizia dau sekunde za mwisho mnadani: ni ujanja au ni dhuluma?

Fundi wa Ngamiani
Jamani, naomba tulijadili hili. Natengeneza kamera za zamani, na vipuri vyake hapa Tanga havipatikani, kwa hiyo nanunua kwenye minada ya mtandaoni. Juzi lenzi moja ilikuwa inafungwa jioni ya California, kwetu saa kumi alfajiri. Siku nne naongoza mimi. Kikomo changu niliandika dola 60. Zimebaki sekunde nne, akazuka mtu ambaye siku zote hizo hakuonekana, mnada ukafungwa kwa dola 61. Dola moja! Ningeongeza, ila muda umekwisha. Mimi nasema kuvizia namna hii ni dhuluma. Dau likiingia dakika ya mwisho, muda usogezwe, aliyezidiwa apate nafasi ya kujibu.

Mzee wa Chuda
Pole mwanangu, lakini hukushindwa kwa dola moja. Minada ya aina ya eBay unaandika kikomo chako, mashine inakupandishia kidogo kidogo, na mshindi analipa hatua moja tu juu ya kikomo cha aliyemfuata. Kwa bei hiyo hatua ni dola moja. Huyo bwana huenda aliandika 100. Angeweka siku ya kwanza angekushinda vilevile. Umesema mwenyewe 60 ndiyo kikomo, sasa unalia nini?

Fundi wa Ngamiani
Silii, mzee wangu. Angeweka siku ya kwanza ningejua yupo mwingine anayeijua lenzi ile, ningefikiri upya. Kikomo cha mtu si jiwe. Ukiona mwenzako kakithamini kitu, nawe unakitazama kwa jicho jingine.

Mama wa Mgahawa
Kaka fundi, hapo umejijibu. Ndiyo sababu kakuvizia! Mimi nanunua samaki mnadani Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, huu mwaka wa kumi na moja. Nikimkodolea macho changu mkubwa, wanunuzi wote wanajua mama kaona mali, bei inaruka. Kwa hiyo nasimama pembeni ya tenga la vibua, nazungumza habari za harusi, kama sina haja. Dalali akisema mara ya pili, ndipo natoa sauti. Ajuaye mali akijionyesha mapema anawafundisha wengine bure.

Dereva wa Pongwe
Afadhali huko mtandaoni, mama. Deep Sea tenga la jodari linauzwa kwa kukonyezana. Dalali na shemeji yake wameshamalizana, sisi tunapiga kelele tu. Dhuluma iko hapa hapa, msiitafute California.

Binti Dalali
Rudia hapo kwenye kukonyezana. Baba yangu ni dalali pale tangu sijazaliwa. Mvuvi akirudi mikono mitupu, dalali ndiye anayemkopesha mafuta ya mashine arudi baharini. Leo mtu wa Pongwe asiyejua nguru wala jodari anamwita mwizi!

Dereva wa Pongwe
Sijamtaja baba yako, dada. Na nguru namjua. Ramadhani iliyopita nilitaja bei mara mbili, dalali akageuza shingo kama hanisikii. Niambie huo ni udalali gani.

Binti Dalali
Ulikuwa na hela mkononi, au ulisema utatuma kwa simu jioni?

Dereva wa Pongwe
Hela nilikuwa nayo. Ilipungua kidogo.

Binti Dalali
Haya.

Mwalimu wa Usagara
Tusimwache fundi. Hicho anachokitaka kilishajaribiwa. Amazon walipoanza kuendesha minada mwaka 1999, dau likiingia mwishoni muda ulisogea mpaka zipite dakika 10 bila dau jipya. Wachumi wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, wakailinganisha na ya eBay, makala yao ikatoka 2002. eBay waliovizia walikuwa wengi zaidi kuliko Amazon. Tena ndani ya eBay, vitu vya kale viliviziwa kuliko kompyuta, maana thamani ya kitu cha kale inahitaji mjuzi. Ndiyo maneno ya mama wa mgahawa hasa.

Mzee wa Chuda
Na minada hiyo ya Amazon iko wapi leo?

Mwalimu wa Usagara
Ilifungwa, mzee. Duka kufungwa hakuthibitishi kwamba mizani yake ilikuwa mbovu.

Mzee wa Chuda
Sawa. Lakini kuvizia kunamkinga mnunuzi. Muuzaji mwenye jamaa wa kumpandishia bei anahitaji muda wa kukuchezea. Ukitia dau zimebaki sekunde tano, hana pa kukushika. Ubaya wake ni mmoja tu, mtandao ukikwama dau halifiki.

Dereva wa Pongwe
Jamaa wa kupandisha bei! Si ndio hao hao ninaowasema?

Binti Dalali
Umeanza tena.

Fundi wa Ngamiani
Mzee, huo ubaya mmoja ndio unaoniumiza mimi. Mwenzangu ana programu ya kumtilia dau akiwa amelala, intaneti yake haitetereki. Mimi nina bando la usiku na umeme wa kubahatisha. Sekunde nne zake na sekunde nne zangu si sawa. Dakika kumi zingetutosha sote. Sitaki kupendelewa, nataka nishindwe nikiwa nimesikika.

Mama wa Mgahawa
Hilo nakuunga mkono, kaka. Ila muda mrefu nao una hasira zake. Niliwaona wanaume wawili wakigombea pweza mmoja, kila mmoja hataki kushindwa mbele za watu. Aliyempata akashindwa kumuuza kwa bei aliyomnunulia.

Binti Dalali
Siku ile baba aliwaambia wapumzike, wakakataa. Dalali wa kukonyeza angewaambia wapumzike?

Dereva wa Pongwe
Kumbe yule mzee ndiye baba yako? Yule si niliyemsema mimi. Kesho alfajiri nakuja, hela kamili. Nitamjuaje?

Binti Dalali
Kofia ya vito nyeupe. Usipomwona, uliza kwenye mizani.