Filamu na tamthilia za bure mtandaoni: ipi inafaa kwa nini? Tulinganishe hapa

Popo_wa_Sinema (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Kila mara mtu akiomba tovuti ya muvi za bure anarushiwa linki kibao: nyingi zimekufa, na iliyo hai inamfungulia kurasa za kamari. Tufanye ulinganisho mmoja wa maana. Naanza na ninazozitumia, nyie ongezeni au pingeni.

YouTube. Wote tunaijua, ila wengi tunatafuta vibaya. Ukiandika jina la filamu ukaongeza "filamu nzima" unaletewa takataka: picha imegeuzwa kulia kushoto ili isikamatwe, sauti imekwaruzwa, au kipande cha dakika mbili kinazungushwa saa nzima. Usitafute filamu, tafuta mwenye filamu. Mosfilm, studio kongwe ya Urusi, imeweka kazi zake za zamani kwenye chaneli yake yenyewe, na nyingi zina manukuu ya Kiingereza. Hifadhi ya filamu ya Korea Kusini inayo chaneli iitwayo Korean Classic Film. British Pathé walipandisha takriban filamu 85,000 za habari za zamani mwaka 2014. Ukitaka makala, nenda DW au Al Jazeera. Picha ni safi, na haziondolewi kesho yake kwa malalamiko ya hakimiliki, kwa sababu aliyeziweka ndiye mwenye mali.

Internet Archive. Shirika lisilo la faida, lipo tangu 1996. Halina matangazo, huhitaji akaunti kuangalia, na faili unalipakua likawa lako. Udhaifu wake ni utafutaji wa kuchosha, na ubora wa picha ni bahati nasibu.

Tubi na Pluto TV. Hizi ni za kampuni kubwa: Tubi ilinunuliwa na Fox mwaka 2020, Pluto TV ikanunuliwa na Viacom mwaka 2019. Hulipi kitu, wao wanakukatizia matangazo katikati. Zina sizoni nyingi, lakini kwenye nchi nyingi hazifunguki kabisa.

Kwangu mpangilio ni huo huo nilioufuata hapo juu.

Kipanga255

Mkuu, Archive namba mbili kwa lipi? Nimeingia, nimekuta watu wanatembea haraka haraka bila sauti. Mimi nataka sizoni mpya, za mwaka huu. Kuna tovuti moja ninayo, ina kila kitu.

FundiSimu

Kipanga, hiyo yenye kila kitu ndiyo ya kuogopa. Jiulize nani anailipia. YouTube na Tubi zinalipiwa na wenye matangazo, Archive inalipiwa na wachangiaji. Hiyo yako?

Zinavyofanya kazi ni hivi. Kitufe cha kwanza cha kucheza si kitufe, ni tangazo limewekwa juu ya picha. Ukikibonyeza unafunguliwa ukurasa unaokwambia uguse "Ruhusu" kuthibitisha wewe si roboti. Ukiruhusu, umekubali kutumiwa arifa, na kuanzia hapo simu inakuletea ujumbe wa uongo kwamba ina virusi, hata kivinjari ukiwa umekifunga. Hatua ya pili wanakwambia filamu haichezi mpaka uweke programu yao ya nje ya duka rasmi. Usiweke. Filamu haihitaji ruhusa ya kusoma SMS zako.

Aliyekwisha kuruhusu arifa: ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, futa kila tovuti usiyoijua. Kelele zitaisha.

Na hata zikiwa safi, hazidumu. Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawana mafaili, ilifungwa na mamlaka za Marekani Januari 2012, na waliokuwa wamehifadhi mafaili yao halali mle nao wakafungiwa nje.

Mama_Manukuu

Naongeza ambazo watu huzisahau: maktaba. Kanopy na Hoopla, huduma za filamu mtandaoni, unaingia kwa kadi ya maktaba iliyojiunga nao, na Kanopy inapokea pia wanafunzi wa vyuo vikuu vilivyojiunga. Tangazo hata moja hakuna. Maktaba ndiyo inayolipa, ndiyo maana wanakuwekea kikomo cha kuangalia kwa mwezi. Mwanafunzi aulize maktaba ya chuo kabla ya kuhangaika kwingine, maana wengi wanayo haki hiyo na hawajui.

Nyingine ni Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa 1939. Tovuti yao ina maelfu ya filamu fupi, makala na katuni, bure. Hii kwangu inaizidi Tubi, samahani Popo.

Mzee Kamusi

Vijana, mnaidharau Archive kwa sababu hamjui kwa nini filamu inakuwa ya umma, yaani haina tena mwenye hakimiliki. Si zote zimezeeka tu. Kuna filamu ya mazombi ya 1968, Night of the Living Dead, iliyoanguka mikononi mwa umma kwa uzembe. Msambazaji alibadilisha jina lake, na kwenye jina jipya tangazo la hakimiliki likasahaulika. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka tangazo hilo liwepo. Halikuwepo, haki ikapotea. Ndiyo maana imejaa kila mahali na hakuna anayeiondoa.

Kwa zile zilizotolewa kihalali zamani, Marekani inahesabu miaka 95, kisha Januari mosi inayofuata zinaachiwa. Filamu za 1928 ziliachiwa 2024. Angalizo: nchi nyingine zinahesabu tangu kifo cha mtunzi, kwa hiyo filamu inaweza kuwa huru huku na bado ina mwenyewe kule. Na muziki mpya uliowekwa juu ya filamu bubu una hakimiliki yake.

Popo_wa_Sinema

Mama_Manukuu, ile ya Kanada nakubali, naipandisha. Vipi upande wa bando? Wengi humu ndiyo kilio chao.

FundiSimu

Kwa bando, kupakua mara moja kunashinda kuangalia moja kwa moja, hasa kama ni kitu utakachokirudia. Kwa makadirio, ubora wa picha wa 480p hula karibu nusu GB kwa saa, ule wa juu wa 1080p hupita GB moja na nusu bila wewe kujua. Kwenye skrini ya simu tofauti yake ndogo sana. YouTube ikiachiwa ijichagulie ubora hupanda yenyewe mtandao ukiwa mzuri, kwa hiyo chagua mwenyewe. Archive mara nyingi huweka faili la filamu moja kwa ukubwa tofauti. Usikimbilie la kwanza, fungua orodha uone ukubwa wa kila moja.

Mama_Manukuu

Hapo kwenye kupakua ndipo manukuu yanaposumbua. Faili la manukuu (SRT) lipe jina lile lile la filamu, liweke folda moja nayo, VLC, programu ya kuchezea video, italisoma yenyewe. Yakitangulia au kuchelewa, kwenye kompyuta ya Windows bonyeza G au H mpaka yaendane na midomo.

Swila

Hamjagusa namna ya kutafuta. JustWatch haina filamu, inakuonyesha iko wapi. Chagua nchi uliyopo, chuja "bure", unapata jibu bila kuzunguka. Ukiacha nchi isiyo yako utafurahia orodha usiyoweza kuifungua.

Wanaouliza BBC iPlayer: ni ya walioko Uingereza tu, na hata wao wanatakiwa wawe na leseni ya televisheni. Hiyo si bure, imelipiwa kwa mlango mwingine. VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, sitaiingiza kwenye ulinganisho huu. Inavunja masharti ya huduma nyingi, na VPN nyingi za bure zinaishi kwa kuuza taarifa zako. Swali la FundiSimu lile lile.

Kwa taarifa za moja kwa moja, DW, France 24 na Al Jazeera zinarusha matangazo yao YouTube saa zote. Zile orodha za M3U, yaani faili za linki za TV zenye maelfu ya stesheni, nazionea uvivu: ukimaliza kuondoa zilizokufa umebaki na zile zile ambazo zilikuwa wazi tangu mwanzo.

Kipanga255

Sawa, arifa nimezifuta, zilikuwa nyingi kweli. Nimeingia ya Kanada, katuni zao kali. Lakini sizoni mpya je? Hakuna aliyejibu.

Mzee Kamusi

Umejibiwa, hujapenda jibu. Mpya na bure na halali ni nadra: labda kipindi cha kwanza kinachoachiwa YouTube kama chambo. Vinginevyo subiri, sizoni zikipoa huishia kwenye zile za matangazo.

Popo_wa_Sinema

Mpangilio mpya basi: YouTube kupitia chaneli za wenye mali, maktaba kwa mwenye kadi, Kanada, Archive, Tubi na Pluto kwa zinakofunguka. Mwenye ya lugha yetu yenye manukuu ya kueleweka aiweke hapa chini, ila ataje nani anailipia.