Mjadala: Dawa zinazoiga homoni ya thairoidi zipewe wenye kolesteroli juu?

Mwanzisha mada: Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, mojawapo ya dawa hizi, kwa ini lenye mafuta lililofikia makovu ya daraja F2 hadi F3 (ya wastani hadi makubwa, kabla ya sirosisi). Katika jaribio lake LDL (kolesteroli mbaya) ilishuka karibu asilimia 14 kwa miligramu 80 na 16 kwa miligramu 100. Je, itumike pia kukinga mishipa ya moyo?

Mfamasia: Naunga mkono. Homoni hii ina vipokezi (sehemu za seli inakoshika ili ifanye kazi) vya alfa, ambavyo ndivyo vinavyoongoza kwenye moyo, na vya beta, vilivyojaa kwenye ini. Resmetirom hulenga beta: ini linavuta LDL kutoka kwenye damu, moyo hauendi mbio. Wasiovumilia statini (dawa za kawaida za kushusha kolesteroli) tuwaache hivihivi?

Daktari wa moyo: Mkuu, LDL kushuka hakutoshi. Katika Coronary Drug Project, jaribio la zamani la dawa za kolesteroli, dekstrothairoksini (aina ya homoni ya thairoidi) miligramu 6 kwa siku ilishusha kolesteroli ya wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo, lakini ikabidi iondolewe mapema kwa sababu vifo vilizidi.

Mfamasia: Daktari, ile haikuchagua kipokezi.

Daktari wa moyo: Eprotirome, dawa nyingine ya kundi hili, ililenga ini. Mwaka 2012 jaribio lake kwa wenye kolesteroli ya kurithi lilisitishwa: mbwa waliopewa dawa hiyo kwa muda mrefu waliharibika gegedu, na vimeng'enya vya ini vya wagonjwa vilikuwa vinapanda. Na kwa wasiovumilia statini, asidi ya bempedoiki, dawa nyingine ya kolesteroli, imeshapunguza mashambulio ya moyo katika jaribio kubwa lililotoka 2023. Resmetirom haina ushahidi wa namna hiyo.

Mfamasia wa wodi: Tazameni cheti cha dawa chenyewe. Mgonjwa mwenye stenti (kibomba cha kuacha wazi mshipa wa moyo) anameza atorvastatini, ambayo ni statini, miligramu 80, na klopidogreli ya kuzuia damu kuganda. Ukimwongezea resmetirom, atorvastatini isizidi 40, kwa hiyo unampunguzia dawa iliyothibitishwa. Klopidogreli nayo huifanya resmetirom ijae mwilini, hivyo aliye chini ya kilo 100 anashushwa hadi miligramu 60. Akiwa anameza gemfibrozil (dawa nyingine ya mafuta ya damu), resmetirom usiandike kabisa. Ezetimibe miligramu 10 inashusha LDL kiasi hichohicho au zaidi, bila kugusa dozi ya statini, na faida yake kwa moyo ilishaonekana katika jaribio la IMPROVE-IT.

Mfamasia: Kwa mwenye stenti nimekubali. Ila mwenye F2 na LDL juu anaimeza tayari kwa ajili ya ini. Huyo apimwe LDL upya kabla hajaongezewa kidonge kingine.

Daktari wa moyo: Huyo sawa, ila statini yake isisimamishwe, na maumivu ya ubavu wa kulia yaulizwe kila kliniki, maana mawe ya nyongo yameripotiwa.