Datsun 1600 ya 1971: niweke L20B au 1G ya Mark II? Naomba ushauri kabla bodi haijakatwa

Kijana_Moro
Wazee shikamooni, wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wale waliowahi kuishika Datsun 1600 kwa mikono yao, ile ya bodi ya 510.

Nina sedani ya mwaka 1971, aliiacha marehemu baba. Bodi nzima, sakafu haijaliwa na kutu, boneti ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Injini ndiyo imechoka. Hii L16 imeshachongwa hadi fundi anasema silinda hazina tena nyama ya kuchonga, na moshi wa bluu hauishi.

Mbele yangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni L20B iliyotoka kwenye pikapu ya Datsun 620, muuzaji anaitoa pamoja na flaiwili na klachi. Ya pili ni 1G-FE ya Mark II GX110 iliyogongwa nyuma, ina gia boksi ya otomatiki na waya zake zote. Fundi wa mtaani anaipenda hiyo 1G. Anasema nafasi ikikosekana atakata ule ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, kisha rejeta aisogeze mbele. Hapo kwenye kukata ndipo ninapoogopa.

Ninachotaka ni gari lipande mlima wa Kitonga bila kuhema, lakini libaki gari la baba. Mngekuwa nyie mngechukua ipi, na ningoje matatizo gani?

Mzee_Spana
Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata.

Anza na kitu kimoja ambacho watu hawakitazami. L20B ina sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 1952, 1G ina cc 1988. Tofauti ni ndogo mno. Ila L20B ina silinda nne na 1G ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Injini haiingii kwa cc zake, inaingia kwa urefu, upana na kimo. Bodi yako ilichorwa kwa injini ya silinda nne. Ndiyo maana fundi wako ameanza moja kwa moja kuzungumzia msumeno.

L20B ni ukoo mmoja na L16. Kwa urefu zinalingana, mauntini, zile raba zinazoshikilia injini, zinakaa palepale, na gia boksi yako ya sasa inafunga bila adapta, hivyo propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, huigusi. Kinachobadilika ni kimo: bloku ya L20B imezidi kwa karibu milimita 20, kwa sababu pistoni inasafiri milimita 86 badala ya 73.7, na koneksheni rodi zake ni ndefu zaidi. Na kwa kuwa injini hizi zimelazwa nyuzi 12, sehemu kubwa ya hizo milimita inakwenda juu na kidogo tu inakwenda pembeni. Kwa hiyo macho yako yote yawe kwenye boneti na kwenye bomba la ekzosi linaloshuka kutoka kwenye manifoldi. Hilo bomba lazima lirefushwe.

Sisi wa usukani wa kulia tuna bahati hapa. Kabureta na manifoldi za injini za L ziko kushoto, kwa hiyo joto la ekzosi halikai karibu na boksi la usukani.

Mbeya_Boost
Mzee heshima yako, lakini mimi naitetea 1G. Ile ya GX110 inatoa nguvu farasi 160 kwa vipimo vya Wajapani. L20B ya kabureta iko mbali na hapo. Spea za 1G zimejaa kila mji, huku za L mtu unazitafuta Kariakoo hadi jioni. Na kama gari ni la kutembelea kila siku, injini inayowaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa ina thamani yake. Kukata bodi kunaogopesha, lakini mchomeleaji mzuri anarudisha.

Dada_Tanga
Kaka Mbeya, kuhusu spea uko sahihi kabisa, na mleta uzi asilipuuze hilo. Lakini kwenye kukata bodi sikubaliani nawe.

Datsun 1600 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ule ukuta umeshikana na nguzo za milango, unabeba pedali na masta silinda ya breki. Ukiukata ili injini ndefu irudi nyuma, lazima ujenge upya uimara uliouondoa, tena kabla gari halijateremshwa kwenye stendi, la sivyo milango itaanza kugoma kufunga. Ukiogopa kukata, injini inasogea mbele, na uzito wote unaangukia mbele ya ekseli. Hapo unalipoteza lile lililoifanya gari hii ipendwe. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 1600 SSS, injini ya lita 1.6 tu. Gari lilikuwa jepesi, limesawazika, na kila gurudumu la nyuma lina uhuru wake. Hiyo ndiyo hazina uliyoachiwa, mdogo wangu.

Halafu mafuta: 1G ni ya sindano. Inataka pampu ya presha kubwa, kontroli boksi na waya zilizofungwa na mtu anayezisoma. Bei ya injini ni mwanzo tu wa matumizi.

Nairobi_SSS
Niongeze upande wa kupima, maana wengi huruka hapa.

Usijaribishe na injini nzima. Omba bloku tupu, isiyo na krenki wala pistoni, ifunge na silinda hedi tupu na kasha la gia boksi. Watu wawili mnainyanyua, mnaiingiza na kuitoa mtakavyo. Iweke juu ya mauntini mpya, kwa sababu raba kuukuu zimelala na zitakudanganya. Kisha finyanga madonge ya udongo laini, yaweke juu ya kava la vali na juu ya kisafisha hewa, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Fanya hivyo pia kati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na krosimemba, ule mhimili unaopita chini yake. Injini hujipinda unapokanyaga mafuta, kwa hiyo kati ya kinachotikisika na kisichotikisika mimi huacha milimita 20 na zaidi.

Pembe ya propela shafti pia ipimwe. Kwenye sedani difu imefungwa kwenye bodi, haipandi wala kushuka na magurudumu, kwa hiyo mstari wa krenki ukienda sambamba na wa pinioni, ile gia ya kuingilia difu, mara moja, umemaliza.

Difu hiyo ni R160, na Subaru nao wameitumia R160 miaka mingi. Siku ukihitaji uwiano mwingine wa meno una pa kutafuta, ila flenji na shafti za pembeni lazima zioanishwe.

Kijana_Moro
Asanteni sana, nimeshaamua: L20B. Dada Tanga, maneno yako kuhusu nguzo za milango yamenitoa kwenye msumeno. Mzee, kitu gani nisikitupe kutoka kwenye L16?

Mzee_Spana
Sampu na bomba lake la kunyonya oili. Ya pikapu inaweza kugonga krosimemba, ya kwako inakaa bila shida, na matundu ya bolti ni yale yale.

Flaiwili ya L16 iache. Krenki yake inafungwa kwa bolti tano, ya L20B kwa sita, kwa hiyo tumia iliyokuja na injini. Hapo ujihadhari na kola ya rilizi beringi, ile beringi inayosukuma klachi iachie. Klachi ya L16 ni ya milimita 200, ya L20B ni 225, na kola lazima iendane na presha pleti yake. Ukichanganya, klachi haitaachia au itateleza, na utashusha gia boksi upya kwa kitu kidogo namna hiyo. Cheni ya taimingi na kava la mbele viwe vya L20B, vya L16 ni vifupi.

Rejeta ipeleke ikasafishwe na kupimwa presha kabla ya kufunga. Ukibanwa kati ya feni na rejeta, weka feni ya umeme. Na breki zikaguliwe kwanza, kalipa za mbele na mipira yote.

Dada_Tanga
Na kadi ya gari ina namba ya injini. Chukua hati ya mauziano kutoka kwa muuzaji, uende TRA, Mamlaka ya Mapato, wabadilishe. Ukiacha, utapata taabu trafiki akikagua au siku ukitaka kuliuza.

Kijana_Moro
Wakuu, mrejesho. Tumejaribisha bloku tupu kwenye mauntini mpya. Sampu ya L16 ina nafasi ya kutosha. Kava la vali limebakiza milimita 31. Lakini juu ya kisafisha hewa udongo umebaki milimita 6 tu. Fundi anasema tutoboe boneti.

Mzee_Spana
Boneti usiiguse. Tafuta kisafisha hewa kifupi, hata cha gari jingine, mradi mdomo wake ulingane na kabureta na kisiizibe hewa kwa juu. Kisha rudia kipimo cha udongo, safari hii msaidizi aisukume injini kwa mtaimbo upande huu na huu huku boneti imefungwa.

Nairobi_SSS
Na mkifika kwenye waya wa kanyagio la mafuta, kanyaga hadi mwisho uone kama kabureta inafunguka yote. Imepanda milimita 20, waya wa zamani unaweza kuwa mfupi.