Ati "hesabu vyandarua"! Huyu bwana wa tai atuheshimu Waamu

BintiMkomani (mwanzisha uzi):
Asalaam alaykum. Nimetoka mkutanoni sasa hivi, hata buibui sijavua, mikono yanitetemeka. Jina simtaji, nyote mwamjua: yule wa tai, yule asiyemaliza sentensi bila kutia Geneva. Tai lenyewe refu, akisimama jeti ncha yake yachovya maji kisiwa cha Manda ng'ambo.

Semina yenyewe ya Desemba hii ya 2021 ilikuwa ya udhibiti wa kusafirisha vimelea hatari, yaani vijidudu vya maradhi, nje ya nchi wakati huu wa janga la corona. Tumekaa tangu saa tatu. Nikanyosha mkono, nikauliza kwa adabu zangu zote: "Daktari, damu ikitolewa Lamu ikapelekwa ng'ambo, kibali hutoa nani, na sisi hurudishiwa nini?" Basi. Akashika maikrofoni, mkono wa pili una sambusa, akasema: "Mama, wewe hesabu vyandarua. Haya ya vimelea tuachie wenyewe." Ukumbi mzima ukacheka.

Vyandarua! Mimi mhudumu wa afya wa mtaa, ngazi za nyumba za mtaa wetu wa Mkomani nazijua moja moja! 2004 chikungunya, ile homa ya mbu ya kuumiza viungo, ilipotupiga alikuwa wapi huyu? Ukame, kila nyumba ina mapipa ya maji, mbu wakazaana humo humo. Walipokuja kupima damu baadaye, wakakuta robo tatu ya kisiwa tumeshaupata. Marehemu baba alikuwa akishuka ngazi kwa kukaa, kidato baada ya kidato, magoti hayakunjiki. Virusi vikaingia Komoro, vikafika kisiwa cha Réunion. Damu yetu ilipimwa na ikaandikwa. Chanjo yake mpaka mwaka huu wa 2021 sijaiona kwa macho.

Halafu sikilizeni, mbu wa chikungunya HUUMA MCHANA. Chandarua cha nini? Ati nihesabu vyandarua!

Kijana_Langoni:
Pole mama. Sambusa ilikuwa ya nyama au ya mboga? Tupe ushahidi kamili.

MzeeWaJahazi:
Buibui hujavua lakini gazeti zima umeshaandika. Na posho ya semina umeikataa au umeitia mkobani?

BintiMkomani:
Mzee nakuheshimu, posho haihusiani. Amenitusi mbele ya watu, na maikrofoni iko wazi!

FundiMaabara:
Mimi hufunga hayo maboksi, niseme kidogo. Kimelea cha daraja A, vile vya hatari zaidi, hakibebwi kama halua. Chupa isiyovuja, ndani ya chombo cha pili kisichovuja, ndani ya boksi gumu, juu yake kibandiko cha UN2814, namba ya kimataifa ya vimelea hatari kwa binadamu. Mtu akikosea karatasi moja, mzigo haupandi ndege. Na ukali huo una sababu. Miaka ya 80 Iraq iliuziwa vijidudu vya kimeta kutoka Marekani yenyewe, kwa leseni halali kabisa ya serikali. Baadaye nchi nyingi zikakaza kukagua nani anaagiza nini.

Lakini swali la mama ni la haki. Indonesia ilizuia sampuli zake za homa ya mafua ya ndege kwa sababu hiyo hiyo: virusi vyatoka kwao, chanjo yatengenezwa kwingine, wao waambiwe wanunue. Mataifa makubwa yalinuna, lakini 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) likapitisha utaratibu wa kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake. Mafua tu, si chikungunya.

BintiMkomani:
NDILO NILILOULIZA! Ungekuwepo wewe ukumbini! Indonesia wameuliza wakaitiwa kikao cha dunia, mimi nimeuliza nikapewa vyandarua. Na alikuwa anatafuna, jamani. Alimeza kwanza ndipo akanijibu.

MwanaShela:
Afrika Kusini Novemba hii ya 2021 wametangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha corona, kwa uaminifu, shukrani yao wakafungiwa ndege. Na Machi 2021 India ilipobana chanjo za corona zisitoke, wazee wetu waliodungwa ya kwanza wakabaki kusubiri ya pili. Chanjo nazo zina udhibiti wa kusafirishwa, tena mkali zaidi.

Kijana_Langoni:
Chanjo msinikumbushe. Jana jeti ya Mokowe, upande wa bara, nimeulizwa cheti cha chanjo, ati tarehe 21 Desemba, siku serikali iliyosema asiye na cheti hahudumiwi, yakaribia. Anayeniuliza barakoa ameivaa kidevuni!

MzeeWaJahazi:
Wewe umeulizwa cheti, mimi nimeulizwa nauli maradufu. Corona ilipoanza walipandisha wakasema abiria ni nusu. Sasa boti lajaa mpaka mtu amekalia mbuzi, nauli iko pale pale.

MwanaShela:
Mzee umesema! Na ukiwa na mzigo wakutoza kama wewe ni abiria wawili.

PundaHuru:
Nyinyi mna boti. Sisi wa mtaa wa Langoni njia imezibwa na punda wanaobeba mchanga tangu asubuhi, mgonjwa hapiti.

BintiMkomani:
Jamani, uzi ni wa vimelea. Namuandikia barua huyu bwana, nataka sahihi zenu. Nani yuko nami?

MzeeWaJahazi:
Mimi natia, ukiongeza na mambo ya nauli.

PundaHuru:
Na mchanga.

FundiMaabara:
Mimi natia, ila barua isichanganywe na mchanga.

PundaHuru:
Mchanga una nini? Wewe huishi mtaa wetu.

Kijana_Langoni:
Mchanga ule ni wa nani lakini? Nasikia ni wa yule mwenye gesti mpya.

MwanaShela:
Yule! Ngoja nifungue uzi wake.