Tupeane uzoefu: ulipopita kwenye moto, tumaini na utakatifu uliushikaje?

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimekuwa nikiusoma Waraka wa Kwanza wa Petro polepole na kuna jambo limenikamata. Anawaandikia watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, majimbo ya Kirumi katika Uturuki ya leo, watu wanaosingiziwa na majirani zao. Sura ya kwanza haijaisha, ameshawaambia mambo mawili kwa pumzi moja: itumainieni kabisa neema inayokuja, na muwe watakatifu katika mwenendo wenu wote.

Sisi huwa tunayatenganisha. Mtu akiwa na shida tunamhubiria tumaini, habari za utakatifu tunamwekea mpaka mambo yatulie. Mimi naona shida ndiko utakatifu unakopigwa vita hasa. Ni wachache kati yetu watakaoambiwa "mkane Yesu". Wengi tunaambiwa "weka sahihi tu hapa", "danganya kidogo watoto wasome", "mlipizie na yeye aonje".

Basi tupeane uzoefu. Msilete mwisho tu, ule wa "nikaomba, mlango ukafunguka". Semeni mlipokuwa katikati mlishika nini, na nini kiliwashika. Ambaye bado yuko katikati ndiye ninayemsubiri zaidi. Majina ya watu na ofisi tuyaache.

Mtunza stoo

Nilikuwa natunza stoo. Siku moja msimamizi akaniletea hati ya kupokelea mzigo imeshajazwa, idadi zote zipo, bado sahihi yangu na muhuri. Mzigo ulioshushwa ulikuwa nusu. Akasema mwingine uko njiani, nigonge tu. Nikaikata ile idadi kwa kalamu, nikaandika kilichopo kwa tarakimu na kwa maneno, nikaweka sahihi pembeni ya masahihisho. Akaitazama ile karatasi, akaikunja, akaondoka nayo bila neno. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Watu wakisikia habari hii hudhani jaribu lilikuwa pale kwenye karatasi. Pale palikuwa rahisi, nilijua la kufanya. Jaribu lenyewe lilinikuta nyumbani, kodi inadaiwa, na mke wangu halalamiki, jambo linaloumiza kuliko lawama. Kila asubuhi wazo lilikuwa lile lile: ungegonga tu muhuri. Likaja na la pili, baya kuliko la kwanza, kwamba sasa Mungu ana deni langu.

Kilichonishika ni mstari wa 23 wa sura ya pili ya waraka huo huo. Kristo alipotukanwa hakurudisha matukano, alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Nilikuwa nafunga kamba za viatu nikienda kutafuta kibarua, nasema kwa sauti: leo najikabidhi kwa ahukumuye kwa haki. Kesho yake tena. Kuna siku niliyasema bila kuhisi chochote, nikatoka hivyo hivyo.

Kazi niliyonayo sasa ni ndogo kuliko ile. Sijarudishiwa maradufu kama Ayubu. Ila nikiwaambia wanangu wasiibe, natamka nikiwatazama usoni.

Msomaji wa nyaraka

Kaka mtunza stoo, umenikumbusha jambo la kweli kutoka huko huko Bithinia na Ponto. Karibu na mwaka 112, gavana wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia Kaisari Trajan kumuuliza awafanyeje Wakristo. Waliokataa kumkana Kristo alikuwa ameshawaua, isipokuwa raia wa Rumi, aliowaandika wapelekwe Rumi. Akawatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa ili apate siri ya hawa watu. Hakukuta kingine ila alichokiita ushirikina. Waliokuwa wameshaiacha imani ndio walimweleza haya: hukutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, na hujifunga kwa kiapo kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawatakana amana wakidaiwa.

Fikirini. Watu wanaoweza kuuawa wakati wowote wanaamka gizani kukumbushana kurudisha amana ya mtu! Nadhani ni kwa sababu walikuwa na urithi mwingine usioharibika, ndiyo maana mali ya jirani haikuwatoa roho. Hati yako ya mzigo iko kwenye kiapo kile.

Mke wa mgonjwa

Shalom. Mume wangu alipata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Naweka mto mmoja mgongoni, mwingine kati ya magoti, nanyoosha shuka isiwe na mkunjo, maana hata mkunjo unachubua. Halafu kengele ya simu inalia tena.

Kwangu utakatifu umekuwa kitu kidogo sana: ni sauti ninayotumia saa tisa usiku nikikuta shuka limelowa nami nimelibadilisha sasa hivi. Yeye haongei lakini anasikia. Najua ananisikiliza jinsi ninavyovuta pumzi. Hapo ndipo namuomba Roho Mtakatifu anishike ulimi, hapo hasa kuliko kanisani.

Maombi marefu siyawezi. Zaburi ya 13 naijua kwa moyo kwa sababu ni fupi na inaanza na swali langu: hata lini? Wapo waliokuja kunitembelea wakaniambia imani yangu ni haba ndiyo maana haponi. Wapendwa, msiwaambie watu hivyo. Daudi aliuliza "hata lini" na swali lake likaingizwa kwenye Maandiko. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kanisani anayekuja na kuniambia nikalale, yeye anamgeuza. Hajawahi kunihubiria hata mara moja.

Dada niliyeondoka

Naomba kuongeza upande mwingine, maana mada kama hizi huwaumiza wengine bila kukusudia. Nilikuwa napigwa kwenye ndoa. Nilipomweleza mtumishi mmoja, alinisomea 1 Petro 3, panaposema wake wawatii waume zao, na kuniambia nivumilie kama Sara. Nilivumilia nikidhani ndiyo utakatifu. Aliyenitoa ni mzee mmoja aliyenionyesha Daudi akiteremshwa dirishani na mkewe Mikali ili mfalme Sauli asimuue, na Paulo akishushwa ndani ya kapu ukutani Dameski. Wote wawili walimwamini Mungu, na wote wawili walikimbia.

Nimeondoka na watoto. Kusamehe naendelea nako, siku nyingine naweza, siku nyingine nashindwa. Ila kumwombea sijaacha. Tafadhali, tunapoandika "vumilia", tuseme vumilia nini.

Mwanzisha mada

Dada, asante kwa kuliweka wazi. Naungana nawe kabisa. Petro mwenyewe anasema heri kwa anayeteswa kwa ajili ya haki. Hakuna haki katika mwanamke kupigwa, na anayepiga ndiye wa kuambiwa habari za utakatifu, tena mapema. Mwenye hali kama hiyo anayesoma hapa, kwanza tafuta mahali salama, mengine tutayazungumza baadaye.

Bado niko katikati

Nimesoma yote. Tulimzika mtoto wetu mwaka huu. Naenda kanisani, wakianza kuimba mdomo haufunguki. Sijaacha kuamini, najua atafufuka. Lakini kuomba nimeshindwa, nikipiga magoti nabaki nimenyamaza tu. Aliyepita hapa, nifanye nini?

Mke wa mgonjwa

Pole sana, mpendwa wangu. Pole mno. Sijapita hapo ulipo, nitakuambia kile tu ninachokijua. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo ukipiga magoti ukanyamaza, haupo peke yako hapo. Usijilazimishe kuimba. Nenda ukae, waache wenzako waimbe, na wao ni mwili mmoja na wewe. Kisha tafuta mtu mmoja, mmoja tu, umwambie: kwa sasa niombee kwa niaba yangu. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alibebwa na wanne, na imeandikwa Yesu aliiona imani *yao*.

Ukikosa mtu wa karibu, niandikie faragha jina la mtoto. Kengele yangu inalia saa tisa usiku, nitalitaja.